Kabla ya kumtajia mtu programu ya Usenet, muulize anaitumiaje

Juzi dogo mmoja kauliza aanzie wapi na Usenet, ule mtandao wa zamani wa makundi ya mijadala, anachotaka ni kufuata mijadala ya comp.lang.c, kundi la lugha ya programu ya C, na siku moja moja aulize swali, basi akajibiwa hapohapo bila hata kuulizwa anaitumiaje: weka SABnzbd. Akaweka. Akakuta programu inayosubiri ipewe faili la NZB, yaani orodha ya vipande vya faili la kushusha, posti hamna, uzi hamna, pa kujibia hamna, akaifuta na sasa anawaambia wenzake Usenet ilishakufa. Imeniudhi kwelikweli. SABnzbd ni nzuri na kazi yake inaiweza, ila kazi yenyewe ni kushusha mafaili, haikutengenezwa kusomea watu wameandika nini.

Usenet ilianza 1979 kama wazo la Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Duke kule Marekani, walitaka kompyuta zipelekeane maandishi. Mafaili makubwa yalikuja kujazana baadaye, ndo maana leo kuna watu wa aina mbili humo ndani na mahitaji yao hayafanani hata kidogo.

Anayesoma mijadala anahitaji skoringi kuliko kitu kingine chochote, yaani programu izipe posti alama kwa sheria ulizoweka mwenyewe. Makundi mengi hayana moderata, hakuna wa kumpiga mtu ban, ukisubiri mkubwa aje asafishe utasubiri sana, msafishaji ni wewe. Kwenye slrn, programu ya kusomea Usenet kwenye teminali, una faili moja la maandishi, unaandika jina la kundi, chini yake unataja mwandishi au neno la kwenye kichwa cha posti, unampa -9999 na huyo humuoni tena, halafu yule ambaye kila akiandika unajifunza kitu unampandisha, na majibu ya posti zako unayapandisha pia yakae juu. Gnus, programu ya kusomea Usenet iliyo ndani ya kihariri cha Emacs, imeenda mbali zaidi, ukiiruhusu inajifunza yenyewe unasoma nini na unaruka nini. Mwishoni mwa 2023 spamu iliyopitia Google Groups, tovuti ya Google iliyokuwa ikiruhusu watu kuandika Usenet, ilifurika kwenye makundi, wasio na skoringi wakawa hawaoni mjadala uko wapi, wakati mwenye slrn aliandika sheria moja tu ya kuzima kila posti ambayo Message-ID yake, yaani kitambulisho cha posti, inaishia na googlegroups.com akaendelea kusoma kwa amani. Google walipojitoa Usenet tarehe 22 Februari 2024 fujo ikapungua sana, lakini kuna watu niliopenda kuwasoma walishaondoka na sijawaona tena, na hilo linaniuma mpaka leo.

Thunderbird? Sawa, inasoma Usenet, inapanga nyuzi, ina amri ya kupuuza uzi mzima, na kwa mtu wa kundi moja lililotulia inatosha. Ila skoringi haina, ukifuata makundi mengi utachoka mapema.

Halafu kuna suala la bando, ambalo wanaoshauri toka Ulaya na Marekani mara nyingi hawaligusi. Posti ya maandishi ni kilobaiti chache tu, na programu iliyotulia inavuta vichwa kwanza, mwili wa posti unakuja ukiifungua. slrn inakuja na slrnpull, ambayo inakuvutia posti za makundi yako yote kwa mkupuo, kwa hiyo unaweza kuvuta usiku kwenye bando la bei rahisi ukasoma na kuandika majibu kesho yake ukiwa huna hata MB moja, ukipata mtandao yanaenda. Kwa mtu wa huku kwetu hicho ni kigezo kikubwa, kisiachwe nyuma.

Usiyependa teminali chukua Pan, ina madirisha, ina skoringi, na mafaili ya yEnc, yaani yaliyogeuzwa yaweze kupita kwenye posti, inashusha vilevile, kwa anayegusa pande zote mbili hiyo inamfaa. Wapenzi wa Forté Agent kwenye Windows wabaki nayo, sina ugomvi nao.

Kwa anayeanza leo kwa ajili ya mijadala: fungua akaunti ya bure eternal-september.org, ni seva ya maandishi matupu, weka Pan, jiunge na kundi moja kwanza, soma wiki nzima kabla hujaandika, na mtu wa kwanza atakayekukera usimjibu, mpe alama hasi uendelee na uzi.