Farumi ya São José

Mjomba wangu alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, Lamu na Mombasa, enzi ambazo tanga ndilo lililofanya kazi na mashine ilikuwa ya akiba tu. Sisi watoto wa mjini, tuliokuwa tukitapika hata kwenye feri ya Likoni, alipenda kutufundisha kwamba chombo kitupu kinatisha kuliko kilichojaa. Jahazi lisilo na shehena hulewalewa, na upepo ukilipata ubavuni linalala. Kwa hiyo ukishusha boriti na huna cha kurudi nacho, unatia farumi: mawe, mchanga, chochote kizito kisicho na bei. Ukifika unaitupa. Hakuna anayeulizia farumi imekwenda wapi.

Neno hilo nilikuwa nimeshalisahau mpaka niliposoma habari za São José-Paquete de África.

Meli hiyo ya Kireno iliondoka Lisbon tarehe 27 Aprili 1794. Mwenye mali alikuwa António Pereira, nahodha akiwa nduguye, Manuel João Pereira. Katika hati zake za shehena mlikuwa na vipande vya chuma karibu 1,500, na chuma hicho hakikuwa bidhaa. Kilikuwa farumi. Anayekwenda Kisiwa cha Msumbiji kununua watu anaijua hesabu yake kabla hajang'oa nanga: mwili wa mtu ni mwepesi ukilinganisha na nafasi unayochukua, tena ni mzigo unaosogea, unaokonda, unaokufa njiani na kutoswa. Uzito wake haukai. Basi unausawazisha kwa chuma. Jambo hili nililisoma mara tatu, wala sitii chumvi, kwa sababu kila mara nilidhani nimeelewa vibaya. Vyuma vilipakiwa Ureno miezi saba kabla, kufidia wepesi wa watu ambao wakati ule wengine walikuwa bado wanapalilia mashamba yao bara.

Tarehe 3 Desemba meli ikaondoka kisiwani na watu zaidi ya 400, wengi wao Wamakua, ikielekea Maranhão, Brazil. Hiyo nayo ilikuwa njia ngeni. Kwa karne nyingi watumwa wa pwani ya mashariki walipelekwa Arabuni na Ghuba, baadaye na kwenye visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion. Kuwazungusha Rasi ya Tumaini Jema hadi Amerika ndiyo kwanza wafanyabiashara walikuwa wanaijaribu, na São José ilikuwa miongoni mwa majaribio hayo ya mwanzo. Waliofuata baada yake, kati ya 1800 na 1865, wanakadiriwa kupita 400,000.

Safari yenyewe ilidumu siku ishirini na nne. Tarehe 27 Desemba, karibu na Cape Town, nahodha akitafuta mahali pa kujikinga na upepo mkali, meli ilibanwa kati ya miamba miwili mbele ya ufuo unaoitwa leo Clifton. Kutoka hapo hadi mchangani ni kama mita mia moja. Nahodha na mabaharia wake walitoka salama. Katika waliokuwa chini ngamani, nusu hivi waliokolewa. Watu wapatao 212 walikufa. Na waliookolewa, kwa nini waliokolewa? Waliuzwa palepale Rasini.

Tuna methali: chombo cha kuzama hakina usukani. Naipenda, na nimeisikia ikitumiwa misibani kuwapoza watu, ikafanya kazi yake. Lakini nadhani inatuharibia tunapoitumia kwenye historia. Hata neno letu la ajali asili yake ni hilohilo, saa ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Meli ikivunjika tunasema ajali, tunainamisha kichwa, tunaiachia bahari. Meli hii ilikuwa na usukani, ikiwa na mkono juu yake, na mkono huo ulikuwa na hesabu. Upepo wa Rasi uliipasua, sawa. Lakini upepo haukuwaweka watu mia nne chini ya sitaha wakati mwamba uko mita mia moja kutoka ufuoni.

Siku chache baada ya mkasa nahodha alitoa maelezo rasmi mbele ya maofisa, na karatasi hiyo ipo hadi leo. Ndiyo iliyokuwa desturi ya nahodha yeyote aliyepoteza chombo: unaapa kwamba ulifanya yote yaliyowezekana, ili mwenye mali asikudai na mwenye bima asikwepe. Naona ni muhimu tukumbuke karatasi za namna hiyo ziliandikwa kwa ajili ya nani. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu meli zilizopotea enzi za matanga imetoka humo, kwa mwenye mali na mwenye bima. Ndiyo maana tunajua mizigo kuliko tunavyojua watu. Miaka michache kabla, mwaka 1781, mabaharia wa meli ya Kiingereza iliyoitwa Zong waliwatosa baharini watumwa zaidi ya 120 wakiwa hai, halafu wamiliki wakadai fidia ya bima. Kesi ilipofika mahakamani London mwaka 1783 ilikuwa kesi ya bima. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua. Neno lililobishaniwa lilikuwa hasara: ni ya nani, na nani ailipe.

Mabaki ya São José yenyewe yaligunduliwa miaka ya 1980 na wapiga mbizi wasaka hazina, wakayadhania ni ya meli ya Kiholanzi ya zamani zaidi. Hawakuona dhahabu, na nadhani hiyo ndiyo bahati pekee katika kisa hiki kizima. Baadaye Jaco Boshoff wa makumbusho ya Iziko, Cape Town, na wenzake waliyaangalia upya. Kulikuwa na misumari na mabati ya shaba, vitu ambavyo havikuendana na umri wa meli ile ya Kiholanzi. Kisha ikapatikana karatasi ya nahodha, na kule Lisbon ikapatikana hati ya shehena. Na chini ya mchanga, vipande vya chuma. Kitu ambacho mjomba angekitupa bila kugeuka nyuma ndicho kilichosaidia kuitambua meli.

Hapa nafika mahali ambapo wengi wetu wa pwani hupita haraka. Ni rahisi kuisoma habari hii kama ugomvi wa Mreno na Mwafrika. Kisiwa cha Msumbiji, hata hivyo, kilikuwa mji wa Waislamu wa pwani kabla Mreno hajatia mguu, na ng'ambo yake kulikuwa na masheikh wa Quitangonha, watu wa dini yetu na desturi zetu, ambao walijulikana kwa biashara hiyo ya watu. Mreno hakuingia bara kuwakamata Wamakua mmoja mmoja. Aliuziwa. Tunapojisifu kwa majahazi na kaure na milango ya nakshi, hii nayo ni shehena yetu, na mimi sioni tunaweza kuitupa tukifika.

Juni 2015 watu walisimama ufuoni Clifton, mahali ambapo siku hizi nyumba ni za matajiri na wageni huja kuota jua. Walikuwa na udongo kutoka Mossuril, bara ya Kisiwa cha Msumbiji, umetiwa ndani ya chombo kilichopambwa kwa makombe ya kauri, zawadi ya chifu wa huko. Udongo ukamwagwa majini karibu na mabaki. Mwaka uliofuata makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi yalifunguliwa Washington, na baadhi ya vile vyuma viliwekwa humo, kwa mkopo kutoka Iziko.

Nenda sasa Fort Jesus, Mombasa. Utaona vitu vilivyotolewa kwenye frigeti ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 Waomani wakiwa wameizingira, na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Ni maonyesho mazuri, mwanangu aliyapenda. Ni kaure, mitungi, vyombo vya mabaharia, yaani vitu vya watu waliokuwa na vitu. Ningependa pembeni yake pawekwe kipande kimoja cha chuma kutoka São José, chenye kutu, kisichopendeza, na kibao cha Kiswahili kilichoandikwa neno moja tu: farumi. Washington walikopeshwa, na Mombasa ni karibu zaidi.