Ubao Wenye Tumbo

Sahani za kaure ninazo kabatini, zinazeeka bila kazi. Ila nilishaona picha za ubao wa mti ulioachiwa magome ubavuni, nyama na jibini vimemwagwa juu yake kana kwamba mpishi alikuwa anawahi gari. Haraka hiyo hupangwa saa nzima, nakwambia. Salami, ile soseji kavu ya kukatwa vipande vyembamba, unaikunja kipande kwa kipande mpaka itoe ua, zabibu unazilaza ukingoni zionekane zimejiangukia zenyewe.

Ubao nilichongewa na seremala, msasa nikapiga mwenyewe. Asubuhi ya wageni, baba watoto, ambaye kitambaa cha vyombo hukishika kwa kubembelezwa, akajitolea kuuosha. Akaumwagia maji ya moto uso mmoja tu, akaulaza kifudifudi, uso uliolowa chini, akaenda kutazama mpira. Basi mbao ndiyo hivyo tena: palipolowa pakavimba, pakavu pakabaki palepale, ubao ukajikunja. Nilipoufuata ulikuwa umeota tumbo. Ukigusa ncha hii, ncha ile inaitika.

"Ukishajaa vitu utatulia," akasema, macho kwenye mpira.

Na kweli ulitulia. Kushoto niliweka pande la parmesan, jibini linalokaushwa mwaka mzima au zaidi, gumu kweli. Kulia niliweka brie, jibini laini, pamoja na zeituni na kibakuli cha asali. Katikati salami ya ng'ombe, maana kuna wageni wasiogusa nguruwe. Brie nilikuwa nimeitoa kwenye friji mapema, kwa sababu ikiwa baridi haina ladha. Kufikia saa ya kula ilikuwa imelegea, inachungulia nje ya ngozi yake nyeupe.

Mama mkwe akaketi upande huo. Akaitazama sana.

"Mwanangu, hii imeota ukungu."

Nikamweleza kwamba ukungu huo ndio unaoivisha jibini lenyewe, na ngozi yake huliwa. Akasema, "Haya." Ile haya ya mtu mzima asiyetaka mabishano. Akachukua zabibu moja.

Upande wa pili shemeji alikuwa ameshakutana na parmesan. Jibini lile halikatwi; unachoma ncha ya kisu kifupi, unazungusha kidogo, linapasuka lenyewe. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie. Shemeji akasimama, akashika kisu cha mkate kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akakilalia kwa kifua kama mtu anayepasua kuni.

"Shemeji, usi..."

Ncha yake ilishuka. Ncha ya mama mkwe ikapanda.

Zeituni ziliondoka kwanza. Moja ilitumbukia kwenye glasi ya jirani yetu, aliyekuwa anasimulia jambo zito kuhusu kiwanja, naye akaendelea kusimulia. Maua yangu ya salami yalifunguka hewani, na lazima nikiri hapo ndipo yalipopendeza kuliko wakati wowote. Kibakuli cha asali kikapinduka. Brie, yenye mwili wake, ilipaa kidogo tu, ikatua mapajani kwa mama mkwe, asali ikaifuata kwa mstari mmoja mrefu usio na haraka.

Ubao ukarudi mezani kwa kishindo, ukabembea, ukabembea.

Mama mkwe hakuinua macho.

"Mwanangu," akasema, "ule ukungu wako umeniangukia."

Mimi na baba watoto tukagombania kitambaa. Shemeji alikuwa bado wima, jasho linamtoka, ameinua kipande cha parmesan juu kila mtu akione.

"Lakini limekatika!"