Huku Hakuna Kanisa la Kuhamia

Jumapili iliyopita mzee mmoja alinikera tena. Tulikuwa tumemaliza ibada, tunakunja viti, maana huku ughaibuni ukumbi ni wa kukodi na ikifika saa saba wenyewe wanautaka. Akanisogelea na kiti kimoja kila kwapa, akaniambia, "Mwanangu, leo umeomba vizuri. Ila hao watoto utawabatiza lini?"

Hii ni mara ya nne au ya tano. Mimi ni mtu wa maji mengi: unaamini kwanza, unakiri kwa kinywa chako, ndipo unazamishwa. Kwao mtoto hubatizwa angali mchanga, na haelewi kwa nini nawanyima wangu. Nikamjibu kwa adabu, "Wakikua wataamua wenyewe, mzee." Akacheka. "Na shule waliamua wenyewe?" Nikabeba viti vyangu nikaenda stoo nimenuna.

Nyumbani nisingenuna. Ningehama.

Mnaonijua mnajua. Kabla sijapanda ndege nilikuwa nimeshahama makanisa matatu. La kwanza nilikwazwa na mahubiri, la pili na mambo ya sadaka, na la tatu, acha nikiri leo, ni kwa sababu hawakunipa kipaza sauti. Kila mara nilisema Bwana ameniongoza kwingine. Sina haja ya kuwaeleza, nanyi mmeongozwa hivyohivyo, na wengine wenu mmeongozwa mpaka mkafungua la kwenu.

Huku hakuna pa kuongozwa. Waumini tunaosali kwa lugha yetu mji mzima tunaenea ukumbi mmoja, na viti vinabaki. Wapo wanaonena kwa lugha, na pembeni yao ameketi mama ambaye kwake kanisani ni mahali pa kunyamaza. Yupo ndugu anayeshika Sabato: Jumamosi anasali kivyake, Jumapili anakuja kutupigia kinanda. Ukikwazika wiki hii, ijayo unarudi, unamkuta aliyekukwaza ameshakuwekea kiti.

Nawasikia: "Kaenda juzi, leo anatufundisha Biblia." Jamani, sijasema sisi ni watakatifu. Umoja wetu ni wa uhaba. Nipeni makanisa kumi mtaa mmoja muone kama sitahama kesho asubuhi. Na kwa joto la ushirika, nyumbani mnatushinda mbali. Mtu akifiwa, madhehebu yote yanajaa uani, wanaimba sauti nne bila kuulizana nani kabatizwa vipi. Huku nililala kitandani siku tisa na nikaombewa kwa ujumbe wa simu. Ila hapo ndipo mnaponiudhi: mnaoweza kuimba pamoja msibani, Jumapili mnashindwa nini?

Uhaba umenirudisha kwenye waraka wa Paulo kwa kanisa la Korintho. Wale watu walikuwa balaa. Huyu ni wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa, na wapo waliojiona wamewapita wote, wao ni wa Kristo. Walishtakiana mahakamani. Kwenye chakula cha Bwana mmoja ana njaa, mwingine amelewa. Paulo akawaandikia wote waraka mmoja, kanisa moja la Mungu, pamoja na vurugu zao. Hakuna mahali alipowaambia wa Apolo watafute ukumbi wao. Kule Filipi napo walikuwapo kina mama wawili, Euodia na Sintike, waliopigana bega kwa bega naye katika Injili, kisha wakakosana. Anawasihi kwa majina, barua isomwe mbele ya kanisa zima, wawe na nia moja. Nawaza siku hiyo walivyoketi wakiangalia sakafu.

Kuna mjuzi ataniletea Matendo 15: hata Paulo na Barnaba walitengana kwa ajili ya Marko. Kweli, na kwa ugomvi mkali. Lakini endelea kusoma. Paulo akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo amlete huyohuyo Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Mimi nimehama mara tatu na sijamtuma mtu aniletee yeyote.

Hoja inayoniumiza ni nyingine: "Umoja gani bila kweli?" Hiyo siwezi kuicheka. Katika Yohana 17 Bwana anaomba wote wawe na umoja, na mistari minne kabla ya hapo ameomba watakaswe kwa ile kweli. Ni sala ileile, pumzi ileile. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wawili wa matengenezo ya kanisa, walikutana Marburg, Ujerumani, wakaafikiana hoja 14 kati ya 15. Iliyobaki ilihusu Meza ya Bwana, wakaachana hapo. Mwaka 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, jambo lililowatenga tangu karne ya 16. Meza bado hawashiriki pamoja.

Hata kwetu ni hivyo. Jumapili ya kwanza ya mwezi, mkate ukianza kupita, yule mama mnyamavu, ambaye ni Mkatoliki, anabaki ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Kinanda kinapigwa polepole. Sahani inampita inakuja kwangu, na kila mwezi hapo napata shida kumeza. Tusidanganyane kwamba tumefika. Waefeso 4 inasema tujitahidi, na mtu hajitahidi kwa jambo lililo jepesi.

Ila kuna tofauti kati ya yule mama na mimi wa zamani. Yeye sahani inampita na bado anarudi. Mimi nilinyimwa kipaza sauti nikaondoka na familia nzima.

Kaka yangu amenitumia ujumbe kutoka nyumbani: "Hivi hao unaosali nao ni dhehebu gani?" Ni siku ya tatu sijajibu, na nikijibu najua kitakachofuata. Wakati huohuo orodha ya zamu imetoka. Jumapili hii viti ni vyangu, pamoja na mzee wa maji machache. Mke wangu ameiona akacheka. Wanangu wameniuliza kama na wao wanaweza kuja mapema kusaidia, maana babu amewaahidi kuwafundisha kukunja viti bila kubana vidole.