Ndiyo, nilimnyima shemeji ufunguo wa gari

Wiki ya pili hii mimi ndiye mada ya grupu la familia. Shemeji yangu amekuja kututembelea hapa Leicester, Uingereza, na Jumamosi asubuhi akasimama mlangoni, koti ameshavaa, mkono ameunyoosha: "Shem, lete ufunguo nikafuate maziwa." Duka ni dakika nne kwa gari. Leseni anayo, ya Tanzania, na mgeni anaruhusiwa kuitumia hapa hadi miezi 12. Mtu anayekatiza Kariakoo jioni bila kukwaruza hata saiti mira, Leicester kwake ni uwanja wa mazoezi. Nikamwambia hapana, twende nikupeleke. Akacheka, akidhani namtania.

Kufika jioni grupu zima linajua kwamba nimebadilika, kwamba kigari cha mwaka 2014 kimenisahaulisha aliyenisindikiza uwanja wa ndege na begi la kuazima. Mama mkubwa akaandika "haya" peke yake. Mnaijua hiyo haya.

Basi nijieleze mara moja. Bima yangu ina majina mawili, langu na la mke wangu. Akishika usukani shemeji, gari hilo mbele ya sheria halina bima, hata kama nimelilipia mwaka mzima. Na hawamkamati yeye tu. Sheria ya barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988, kifungu cha 143, inambana anayeendesha na inambana aliyemruhusu. Kwa kawaida ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Mkifikishwa mahakamani, faini haina kikomo na unaweza kufungiwa leseni. Gari lenyewe polisi wanaruhusiwa kulibeba palepale, na usipolikomboa kwa muda waliokupa linauzwa au linapondwa likawa chuma chakavu. Yote hayo kwa lita mbili za maziwa.

"Nani angejua?" ameuliza binamu mmoja. Nakubali, kamera isingemjua shemeji. Kamera zao zinasoma namba za gari na kuangalia kama gari hilo lina bima, na langu lina. Lakini siku akisimamishwa kwa sababu ya taa iliyokufa, askari ataanza na jina la dereva. Hapo ndipo maziwa yanapomwagika.

Na mimi kamera zinanijua. Mwaka 2019 benki ilinibadilishia kadi, malipo ya bima ya mwezi yakagonga mwamba, barua za onyo zikaenda nyumba niliyohama. Mimi sina habari. Natoka shifti ya usiku, naona taa za bluu nyuma yangu. Askari mpole, ananiita bwana, ananiambia bima yako ilifutwa siku 11 zilizopita. Nikaanza maelezo, kadi, benki, barua. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kutojua si utetezi. Nililelewa kuamini kwamba maelezo marefu hulainisha mambo, na pale nilitoa marefu kweli! Akaniruhusu nitoe vitu vyangu. Nilisimama kituo cha basi na kiti cha mtoto mkononi, mvua inaninyea, natazama gari langu likivutwa kwa mnyororo kupanda kwenye lori. Zile pointi zinakaa kwenye leseni miaka 4, na kila kampuni ya bima niliyoiomba bei iliniuliza habari zake kwanza. Kwa hiyo jamani, siyo maringo. Ni kovu.

Sasa nyumbani Tanzania. Bima ndogo, ile ya lazima, ni shilingi 118,000. Trafiki anazunguka gari, anakagua bima, na kama imeisha faini ni elfu 30, na mengine mnayajua. Mtu wa kwetu anakata bima ili apite pale kwenye mzani au pale kwenye kona ya trafiki. Muulize bima yake ni ya nini, atakujibu "ya trafiki". Sijawahi kusikia mtu akisema "ya yule nitakayemgonga". Ndiyo hoja yangu pekee, wala sina nyingine.

Kwa sababu waliogongwa tunao. Binamu yetu mwingine, yule ambaye grupu lilimchangia, aligongwa mguu Barabara ya Morogoro na gari ambalo bima yake ilikuwa imeisha. Dereva alikuja hospitali na machungwa na elfu 50, akalia kweli, halafu simu yake ikawa haipatikani. Sisi tukahangaika na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kisha tukafungua michango. Hapa wasio na bima wapo pia, tena wengi, vijana hasa, maana kijana wa miaka 18 anaweza kutajiwa bima inayozidi bei ya gari lake. Lakini tangu mwaka 1946 kuna mfuko wa kampuni za bima, unaoitwa MIB, unaomlipa aliyeumizwa na gari lisilo na bima. Hela yake inatoka kwenye bima zetu sisi tunaolipa. Nanung'unika kila nikilipa, lakini nalipa.

Najua mtakachosema. Mzungu mweusi. Wenzetu wana kamera, sisi hata taa za barabarani zinazimika. Hizo ni sheria za kwao. Hapana, hiyo ya mwisho siikubali! Fungueni Sheria yetu ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Inakataza kuendesha bila bima, na inakataza kumruhusu mwingine aendeshe bila bima. Maneno yanafanana na ya huku kwa sababu aliyetuandikia ni mkoloni huyo huyo. Tumebaki nayo miaka yote hii na bado tunaiona ngeni.

Na msidhani huku naabudu kila kitu. Siku ile pale kituo cha basi, magari yalinipita na hakuna aliyepunguza mwendo kuniuliza, kaka, kulikoni. Binamu yetu alipoanguka, bodaboda wawili wasiomjua walimbeba, mmoja ameushika ule mguu hadi mapokezi, na hakuna aliyedai nauli. Hilo huku silioni, na hakuna sheria ya kulilazimisha.

Jana nilimpeleka shemeji dukani, kwa mara ya tano sasa. Amenuna kidogo, anaangalia dirishani. Nikamuuliza gari lake kule Tabata, ile Noah, bima inaisha lini.

"Mwezi wa tisa," akasema.

Tuko mwezi wa kumi na moja. Akatoa simu akaanza kuandika, nami nikatazama barabara.