Rafu ya Kilo 200 Isiyobeba Ndoo Mbili

Tangu niligeuze banda la gari kuwa karakana yangu ndogo hapa Dar es Salaam, nimekuwa nikitafuta rafu za bei nafuu zinazobeba mizigo ya kweli, yaani giaboksi chakavu, betri za gari na ndoo za rangi za lita 20, ambazo kila moja ikijaa hukaribia kilo 30. Dukani niliuziwa rafu iliyoandikwa kilo 200 kwa kila ngazi. Nilipoweka ndoo mbili tu katikati, bati likabonyea kama godoro kuukuu, na muuzaji akanieleza, bila haya, kwamba uzito huo huhesabiwa ukiwa umetandazwa sawasawa. Nani hutandaza giaboksi?

Fundi wa kuchomelea niliyemwendea anitengenezee nyingine naye alinitoza bei ya chuma cha pembe chenye unene wa milimita 4, kisha akaleta cha milimita 2, huku viungo akiwa amevigusisha moto nukta nukta tu na kuvifunika kwa rangi nzito, niliyoibandua kwa ncha ya ufunguo. Rafu za mbao zilizosagwa sizitaki hata bure, kwa kuwa unyevu wa pwani huzivimbisha kingo. Kwa sasa giaboksi imelala sakafuni, nami huiruka kila ninapoiendea jiliwa, kile kibanio cha chuma cha kushikia kazi.