Ndege Watatu wa Mheshimiwa Balozi

Kwa miaka minne niliongoza kitengo cha watu watano katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja jina, kwa sababu ndiyo inayonilipa pensheni. Kazi yetu ilikuwa kutafuta barua, taarifa na madokezo ya zamani yanayohusu uhusiano wa Tanzania na nchi nyingine, kuyahakiki, kuyaandikia tanbihi na kuyatoa kitabuni. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mafagio, na makarani wa masjala, ambao kwa kweli ndio waliojua kila kitu, walituita wafukua makaburi. Mimi mwenyewe nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na muhuri wangu, kalamu yangu nyekundu, na tabia ya kutoa mihadhara kwa watu ambao hawakuiomba.

Mhadhara nilioupenda kuliko yote ulihusu Wamarekani. Hao walianza kuchapisha nyaraka zao za kidiplomasia mwaka 1861, Rais Lincoln akiwa na vita mlangoni, na leo juzuu zao zimepita 450. Lakini mwaka 1989 walitoa juzuu kuhusu Iran ya miaka ya 1952 hadi 1954, ambamo mapinduzi ya 1953 yaliyomwondoa Waziri Mkuu Mosaddegh yalisimuliwa bila mkono wa shirika lao la ujasusi wala wa Waingereza kuonekana popote, kana kwamba mzee wa watu aliteleza tu bafuni. Wanahistoria walipiga kelele, mwenyekiti wa kamati ya ushauri akajiuzulu, na mwaka 1991 ikapitishwa sheria inayotaka nyaraka hizo ziwe kamili na za kuaminika, na zitolewe kabla ya miaka 30 kupita tangu tukio lenyewe. Juzuu ya kuziba lile pengo la Iran ilikuja kutoka mwaka 2017. Nikifika hapo nilikuwa nagonga meza na kusema, “Katika kitengo hiki, karatasi haiachwi!” Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Juzuu tuliyokuwa tukiiandaa ilihusu kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayeukumbuka mwaka 1977 hahitaji kuelezwa: shirika la ndege la pamoja lilikufa mwanzoni mwa mwaka, Kenya ikaanzisha la kwake, Tanzania ikafunga mpaka mwezi Februari na kuzuia ndege na magari yaliyokutwa upande wetu, na mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kugawana mali za marehemu kulimpa mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kazi ya miaka. Nyaraka tulizokuwa nazo zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa za mizania, mabehewa na madeni. Nilitamani karatasi moja tu itakayomfanya msomaji akae wima kitini.

Siku moja, saa nne asubuhi, karani wa masjala alileta jalada jembamba lililofungwa kwa kamba ya katani, ambalo juu yake mkono wa mtu wa zamani ulikuwa umeandika kwa wino wa buluu: MABALOZI – MALALAMIKO. Ndani mlikuwa na barua moja tu, nakala ya kaboni, ambayo mchwa walikuwa wamekula robo ya juu yote pamoja na pembe ya chini. Jina la anayeandikiwa halikuwapo. Tarehe na mwezi vilikwishaliwa, ukabaki mwaka 1977. Muhuri ulikuwa duara la zambarau lisilosomeka. Lakini maneno yaliyosalia yaliniondoa kwenye kiti:

“…zi wa eneo hili, naleta malalamiko yangu rasmi dhidi ya Balozi mwenzangu wa upande wa kaskazini, ambaye tangu mwezi jana amepuuza makubaliano yetu ya mdomo kuhusu mpaka. Ndege wangu watatu wamezuiliwa upande wake, na mjumbe niliyemtuma kuwadai amejibiwa maneno ya kejeli. Aidha, amechimba shimo refu karibu kabisa na mpaka, na usiku watu wake hupiga ngoma hadi alfajiri. Naomba ruhusa ya kuifunga njia ile mara moja. Nisipojibiwa, sitabeba lawama kwa yatakayo…”

Hapo mchwa walikuwa wameendelea na chakula chao.

Nilifunga mlango. Niliwaeleza vijana wangu kwa sauti ya chini kwamba tumeshika ushahidi ambao hakuna mwanahistoria aliyepata kuuona: ombi la maandishi la kufunga mpaka, limetoka kwa balozi wetu mwenyewe, na ndani yake zimo ndege tatu zilizozuiliwa upande wa kaskazini. Karani wa masjala, ambaye alikuwa bado amesimama akisubiri nitie saini ya kupokea jalada, aliuliza kwa adabu, “Mkuu, lakini huyu ni balozi yupi?” Nilimjibu kwamba balozi ni balozi, nikamrudishia daftari lake. Alilitazama lile jalada, akanitazama mimi, akaondoka. Baadaye niligundua kwamba alikwenda moja kwa moja hadi kantini kuwasimulia wenzake.

Mhariri wangu msaidizi, binti mmoja makini aliyesomea isimu, alikuwa na shaka ya namna nyingine. “Samahani, Mkuu,” alisema, “hapa ameandika ‘ndege wangu watatu wamezuiliwa’. Kama zingekuwa ndege za abiria, angeandika ‘ndege zangu tatu zimezuiliwa’. Huyu anasema viumbe wenye roho.” Nilimweleza, kwa upole ambao nikiukumbuka natamani ardhi inimeze, kwamba watumishi wa zama zile waliandika kwa haraka, chini ya shinikizo la mgogoro, na upatanisho wa kisarufi haukuwa kipaumbele cha taifa. Kisha nilifanya dhambi ambayo katika kazi yetu haina kafara: nilichukua kalamu nyekundu nikamsahihisha marehemu. Kitabuni ikasomeka “ndege zangu tatu zimezuiliwa”, bila alama wala maelezo. Nilimwita marehemu kwa sababu sikuwaza kabisa kwamba anaweza kuwa hai.

Tanbihi niliziandika mwenyewe, usiku, nyumbani, nikiwa na chupa ya chai. Shimo refu nililifafanua kuwa “huenda ni handaki la kijeshi”. Ngoma za usiku nilizieleza kuwa ni “lugha ya mafumbo kwa matangazo ya redio ya propaganda”. Kuhusu makubaliano ya mdomo niliandika nusu ukurasa. Nikiwa mkweli, zilikuwa tanbihi nzuri. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba hazikuwa za kweli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki ile ile nilikuwa nimewapa vijana mhadhara kuhusu hatari ya kusoma neno vibaya. Nilikuwa nimewasimulia kisa cha Januari 1965, ambapo wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja akiwa Dar es Salaam na mwingine Zanzibar, walifukuzwa nchini baada ya mazungumzo yao ya simu kunaswa. Kwa maelezo ya Wamarekani wenyewe, walikuwa wakisema wanahitaji “risasi” zaidi, yaani hoja za kuwashawishi wakubwa wao huko Washington, na aliyesikiliza simu akaelewa risasi kuwa ni risasi. Yule wa Zanzibar, Frank Carlucci, alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake, kwa hiyo hatimaye risasi alizipata. Tulicheka sana. Nilicheka kuliko wote.

Kitabu kilichapishwa nakala 300 na uzinduzi ukafanyika ukumbini, kwenye meza zenye vitambaa vyeupe na chupa za maji. Nilichagua kuisoma barua ile mwenyewe, taratibu, nikishusha sauti kila nilipofika penye neno “mpaka”. Katika safu ya mbele aliketi mzee mmoja, balozi mstaafu aliyeiwakilisha nchi katika miji mikubwa ya dunia. Nilipofika kwenye ngoma za alfajiri alitoa leso. Nilipofika kwenye shimo alikuwa anafuta machozi na mabega yanatikisika, na mimi nikaamini kwamba nimeamsha ndani yake majeraha ya mwaka 1977, nikamwonea huruma, nikasoma taratibu zaidi.

Baada ya makofi alinishika mkono na kunivuta pembeni, karibu na sambusa.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba, mwanangu. Umezaliwa mtaa gani wewe?”

Nikamtajia.

“Na hapo kwenu, mkitaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, mlikuwa mnaanzia kwa nani?”

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba tulianzia kwa balozi, na neno likanikwama kooni. Kwa msomaji aliyekulia mbali na Tanzania, yafaa kueleza kwamba tangu miaka ya 1960 chama tawala kiliwapanga wananchi katika mashina ya nyumba kumi kumi, na kiongozi wa shina, yule mwenye bendera mlangoni na orodha ya wageni waliolala mtaani, aliitwa mjumbe au, kwa heshima zaidi, balozi. Balozi wa nyumba kumi hana pasipoti ya kidiplomasia. Ana daftari, benchi la mti chini ya mwembe, na kesi za kuku.

“Mimi nimekuwa balozi miaka mingi,” alisema yule mzee huku akichukua sambusa, “lakini jirani yangu hakupata kunichimbia choo mpakani.”

Nilirudi ofisini usiku ule ule na kuandika dokezo sabili la kuomba nakala zote zilizogawiwa zirejeshwe “kwa marekebisho madogo ya kiufundi”. Ilinipasa nijue matokeo yake, kwa sababu na hilo nilikuwa nimelifundisha. Mwaka 2001 juzuu ya Wamarekani kuhusu Indonesia ya wakati wa mauaji ya 1965 ilichapwa na kufikishwa katika baadhi ya maktaba kabla ya kuruhusiwa kutoka. Wakubwa wakajaribu kuirudisha, na taasisi moja ya watafiti ikaiweka yote kwenye intaneti, wakaisoma hata ambao Indonesia hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Kwangu mimi intaneti haikuhitajika. Dokezo langu lilipita masjala. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimerudishiwa nakala nne, na nimepokea maombi ya nakala mpya kutoka idara ambazo tangu nianze kazi hazijawahi kujua kwamba kitengo chetu kipo. Dereva mmoja aliagiza mbili. Katibu Mkuu aliniita, akaniuliza kama ile sera yangu ya karatasi haiachwi ina kikomo chochote, akatazama dirishani kwa muda mrefu, na mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika.

Wiki tatu baadaye mlinzi wa getini alipiga simu kusema kuna mgeni wangu asiye na miadi, anajitambulisha kuwa ni Balozi. Nilishuka ngazi nikidhani ni yule mstaafu. Nikamkuta mzee mwembamba wa miaka themanini na ushei, amevaa kofia ya kiua na koti la suti kubwa kuliko yeye, kashika mwavuli mkono mmoja na mkono wa pili mkono wa mjukuu wake. Mjukuu alikuwa mwanafunzi wa chuo. Alikisoma kitabu maktabani, akayatambua maneno ambayo babu yake amekuwa akiyalalamikia katika kila sikukuu ya Idi tangu yeye hajazaliwa.

Nilimkaribisha ofisini. Nikamwagizia chai, nikamwomba radhi kwa sentensi ndefu kama za dibaji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mambo ya handaki mimi sina ugomvi nayo,” alisema. “Kile kilikuwa choo. Ngoma ilikuwa ya harusi ya watu. Na yule wa kaskazini tulikuja kuoana, binti yake akaolewa na mwanangu, Mungu amrehemu. Mimi nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, barua yangu haijajibiwa.”

“Barua ya mwaka 1977, mzee?”

“Nimeandikia serikali, serikali imeipokea, imeiweka, imeisoma mbele ya watu ukumbini. Sasa iamue. Njiwa wangu watatu vipi?”

Nilimuuliza kama njiwa walirudi. Alisema walirudi wenyewe siku ya pili asubuhi, kwa sababu njiwa ndivyo walivyo, lakini hilo lilikuwa jambo la njiwa na barua ni jambo la serikali. Basi nikaketi, nikamwandikia jibu rasmi kwenye karatasi yenye nembo, lenye kumbukumbu namba, nikieleza kwamba malalamiko yake yamepokelewa, kwamba tunasikitika kwa kuchelewa, na kwamba suala limehitimishwa kwa kurejea kwa wahusika. Nikagonga muhuri. Ndiyo kazi muhimu kuliko zote ambayo ule muhuri uliwahi kufanya. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

“La pili,” alisema, na sasa sauti ilikuwa imebadilika, “nani ameniharibia Kiswahili changu?”

Alikuwa amekifungua kitabu kwenye ukurasa wenyewe. Kidole kilikuwa juu ya “zimezuiliwa”. Mhariri wangu msaidizi, kwenye meza ya pili, aliinamia karatasi zake kwa ghafla. Nikasema ni mimi. Mzee hakunigombeza, aliuliza tu nakala zilizobaki ziko wapi, nikamwonyesha kabati, na akanyoosha mkono kuomba kalamu. Nikampa ile nyekundu.

Alivuta kiti, mjukuu akawa anamletea nakala tano tano, na katika kila moja alikata “zangu tatu zimezuiliwa”, akaandika juu yake “wangu watatu wamezuiliwa”, kisha akatia saini pembeni: Balozi. Saa nane mchana alikuwa amefika nakala ya 41, akaomba chai nyingine.