Tovuti ya programu huria: wanaosema "msiguse" wasikilizwe

Mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ukishatimiza miaka kumi hivi, hoja ya kusanifu upya tovuti yake haikosi kufika mezani. Upande mmoja wapo wasanifu vijana na wale wanaoongea na wafadhili: ukurasa wa mbele umechakaa, unafukuza wageni. Upande wa pili wapo watunza seva, watafsiri na watumiaji wa siku nyingi, nao kauli yao ni fupi: msiguse. Hapa Uganda kundi hili la pili huchukuliwa kuwa ni watu waliozoea vya kale na wasiotaka kujifunza. Wanaonewa.

Wanaotaka tovuti mpya wana haki zao, na si ndogo. Tovuti iliyopangwa kwa upana usiobadilika wa pikseli 960 haisomeki kwenye simu, na simu ndiyo kompyuta ya Waganda wengi. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya mandhari nyeupe hayafikii uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na watu wote, hivyo anayesoma nje juani haoni kitu. Tovuti iliyobaki kwenye Drupal 7, toleo la zamani la mfumo wa kuendeshea tovuti, haipati tena marekebisho ya usalama tangu tarehe 5 Januari 2025. Na mwanafunzi wa Makerere anayetaka kuchangia msimbo kwa mara ya kwanza, asipoona haraka pa kupakulia na pa kuripotia hitilafu, anakwenda zake.

Hayo yanatosha kuianzisha kazi. Tatizo ni kwamba kazi yenyewe huanzia ukurasa wa mbele na nguvu zote huishia hapo, ilhali thamani ya tovuti ya programu huria iko ndani: kwenye maelekezo ya usakinishaji, orodha za mabadiliko ya matoleo, na ule ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini hifadhidata inakataa kuwaka baada ya kusasishwa.

Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitangaza kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 54 ya makala za Wikipedia zilizopimwa zina angalau kiungo kimoja kilichokufa kwenye marejeo yake. Namba hizi zinahusu mtandao mzima, na sababu za vifo hivyo ni nyingi: kampuni zimefungwa, majina ya tovuti hayakulipiwa, wamiliki wamekata tamaa. Lakini ziangalie kwa jicho la mradi ulio hai. Mwenye mradi yupo, seva inawaka, maandishi yenyewe hayajafutwa. Kilichobadilika ni anwani tu, kwa sababu mfumo mpya unapanga kurasa kwa namna yake. Hicho ni kifo ambacho mtu amekichagua, na aliyekichagua siye anayekilipia.

Anayekilipia ni nani? UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vyetu vya afya, umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Takwimu za vituo hivyo hukusanywa kwenye DHIS2, programu huria ya takwimu za afya ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo. Kati ya waandishi wa programu za namna hii na afisa wa kumbukumbu katika kituo cha afya cha daraja la III kuna mikono mingi: vitabu vya mafunzo vilivyochapishwa, PDF zinazosafiri kwa flashi, slaidi za warsha, ujumbe wa WhatsApp. Kote humo zimeandikwa anwani, na anwani iliyokwisha kuchapwa kwenye karatasi hairekebishiki. Siku mradi unapobadili mpangilio wa kurasa zake, kitabu kilichopo mezani kwa afisa huyo kinageuka kuwa kitabu cha uongo, naye hana wa kumweleza.

Wajenzi hujibu kwamba dawa ipo: elekeza anwani za zamani kwenda mpya kwa msimbo wa 301, yaani jibu la seva kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Ni kweli, ila dawa hiyo haifiki kila mahali. Sehemu ya anwani inayofuata alama ya # haitumwi kwa seva kabisa. Inabaki kwenye kivinjari. Kwa hiyo kiungo kilichokuwa kinampeleka msomaji moja kwa moja kwenye aya ya kurejesha nakala rudufu kitamwacha juu kabisa ya ukurasa wenye urefu wa skrini arobaini, na hakuna kanuni ya seva itakayomsaidia. Vitambulisho vya aya, yaani hayo maneno yanayofuata #, huzalishwa na mfumo wa tovuti wenyewe kutokana na vichwa vya habari. Ukibadili mfumo, au ukisahihisha neno moja la kichwa, vimebadilika. Tiba ni kuandika kitambulisho cha zamani kwa mkono kando ya kipya, aya kwa aya. Ni kazi ya kuchosha isiyoonekana kwenye picha ya tovuti mpya, ndiyo maana huachwa.

Skripti, yaani orodha za amri ambazo mashine huzitekeleza yenyewe, nazo zina balaa lake. Amri ya curl, ya kupakulia mafaili, haifuati maelekezo ya 301 isipopewa alama ya -L. Skripti ya usakinishaji iliyoandikwa miaka sita iliyopita itapakua ukurasa mdogo wa HTML, itauhifadhi kwa jina linaloishia na tar.gz kana kwamba ni faili lililobanwa, kisha itaanguka ikilalamika kwamba faili si la gzip. Fundi wa wilaya atahangaika na diski na kumbukumbu ya mashine wakati kosa liko kwenye tovuti. Baya kuliko yote ni ule mtindo wa kupeleka kila anwani iliyopotea kwenye ukurasa wa mbele. Heri 404 inayosema wazi kwamba ukurasa haupo.

Uzito wa kurasa nao una hesabu yake. Chukua ukurasa mpya wa megabaiti 4, wenye picha kubwa, fonti nne na JavaScript nyingi, mbele ya darasa la watu 25 wanaotumia ruta moja yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Wakiufungua wote kwa pamoja ni megabaiti 100, karibu dakika saba za kusubiri. Ukurasa wa kilobaiti 300 unamalizika kwa nusu dakika kwa darasa lilelile. Na bando za intaneti zinazolipia upakuaji huo zinatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Na skripti ya Facebook ikiwekwa juu ya ukurasa bila kuruhusiwa kupakuliwa kando huku ukurasa ukiendelea kufunguka, kwenye mtandao ambao Facebook imezuiwa, kama ilivyozuiwa Uganda Januari 2021, ukurasa unaweza kubaki mweupe hadi muda wa kusubiri uishe.

Mwezi huohuo wa Januari 2021 intaneti yote ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa amenakili maelekezo kwenye mashine yake kwa wget, amri ya kunakilia tovuti, aliendelea na kazi. Tovuti inayojengwa na JavaScript ndani ya kivinjari hainakiliki hivyo: unachopata ni ganda tupu lisilo na maandishi.

Watafsiri nao wasisahaulike, hasa baada ya Baraza la Mawaziri kuamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika gettext, mfumo wa kutafsiria programu na kurasa, sentensi ya Kiingereza ikiguswa kidogo tu, tafsiri yake huwekwa kando kama yenye mashaka na msomaji hurudishiwa Kiingereza. Msanifu anayenyoosha sentensi 200 ili zipendeze amefuta kimyakimya kazi ya watu wa kujitolea.

Sehemu kubwa ya malalamiko ya upande wa kwanza inatibika bila kugusa anwani hata moja. Mstari mmoja wa viewport unaoulinganisha ukurasa na upana wa skrini, faili jipya la CSS (la mwonekano) linalobana mistari isizidi herufi 70 na kuruhusu majedwali yasogezwe pembeni, rangi zenye uwiano unaofaa, na ukurasa wa simu umepona. Ukurasa wa mbele na wa kupakua uandikwe upya kabisa. Miongozo ibaki ilipo, pamoja na ya matoleo ya zamani, maana vituo havisasishi programu kwa pamoja.

Kama mfumo wa ndani lazima ubadilike, basi orodha ya anwani itangulie michoro: kumbukumbu za seva za miezi 12 zinazoonyesha anwani zilizofunguliwa, ramani ya tovuti, na kila mahali jina la tovuti linapotajwa ndani ya msimbo. Anwani zenye wageni wachache zisikatwe, kwani ukurasa unaofunguliwa mara sita kwa mwaka huenda ndio pekee unaoeleza namna ya kutoka toleo la zamani sana. Maelekezo ya 301 yakae kwenye git, hifadhi ya msimbo inayotunza kila badiliko, pamoja na tovuti, yasiwe siri ya mtu mmoja mwenye nywila ya seva, na jaribio liulize kila anwani ya zamani kabla ya kuchapisha. Mojawapo ikikosa jibu la 200, yaani ukurasa umepatikana, baada ya hatua moja ya kuelekezwa, uchapishaji usimame. Na siku ya kuhamia isiangukie wiki ya kwanza ya mwezi, vituo vinapofunga HMIS 105, ripoti zao za afya za kila mwezi.